Shajara ya mradi: Bandari ya maharamia ya Sainte-Marie, mwaka 1693, kwa vitofali vya LEGO

Mwanzo wa Juni: bandari ipi, mwaka upi

Mradi wa likizo hii hapa nyumbani kwetu Kurasini ni kuijenga, kwa vitofali vya LEGO, bandari ya maharamia iliyokuwako kweli, ili kila kitakachowekwa juu ya ubao kiwe na sababu ya kuwapo. Mwanangu wa darasa la tano alipendekeza Port Royal ya Jamaika, mji ambao sehemu yake kubwa ilizama kwa tetemeko la ardhi la tarehe 7 Juni 1692, kwani alitamani sana kujenga nyumba zilizokwisha kuingia baharini nusu. Dada yake wa kidato cha pili alipinga kwa hoja moja tu, kwamba hatuna vitofali vyekundu vya kutosha kujenga mji wa Kiingereza wa matofali ya kuchoma, na hoja hiyo ikatosha.

Mimi nilikuwa na bandari yangu moyoni. Sainte-Marie, ambayo wenyeji huiita Nosy Boraha, ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita zipatazo 60, kilicholala karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Katika miaka ya 1690 meli kutoka makoloni ya Kiingereza ya Amerika zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikatia nanga hapo kutafuta nyama, mchele na maji, kisha zikapanda kaskazini kwenda kuvizia mlango wa Bahari ya Shamu. Kilichonivutia ni kwamba maharamia hao waliishi kwa pepo zilezile za kusi na kaskazi zilizoendesha majahazi yetu: meli za wafanyabiashara na mahujaji waliokuwa raia wa milki ya Wamoguli ya Uhindi zilirudi bandari yao ya Surat kutoka Mocha na Jedda mwishoni mwa kusi, na aliyejua misimu alijua pia ni majuma yapi ya mwaka zingepenya mlango huo, yaani Bab el Mandeb.

Jambo la pili ni kwamba yuko mtu aliyeacha maelezo. Adam Baldridge alikaa kisiwani tangu mwaka 1691, akajenga ngome na ghala, akawa wakala kati ya maharamia na Frederick Philipse, tajiri wa New York aliyekuwa akimletea bidhaa. Mwaka 1699, akiwa amekwisha kurudi New York, alitoa maelezo ya kiapo yanayotaja meli zilizofika, lini zilifika, nani alikuwa nahodha, na mara nyingine shehena yote ilivyokuwa. Mimi nashinda kutwa nikisoma hati za shehena bandarini, na nilipoyasoma maelezo hayo niliona ni kazi ya mtu wa fani yangu, ingawa mteja wake nisingependa kumhudumia.

Kutokana na maelezo hayo tumechagua kipindi kati ya Oktoba na Desemba 1693. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo ilifika meli ya Philipse iitwayo Charles, ikiwa na vitu vya dukani. Oktoba ikaingia Amity ya nahodha Thomas Tew, iliyotoka kupora meli tajiri katika Bahari ya Shamu, na ikakaa hapo mpaka Desemba ikisafishwa ubavu wa chini. Ghala limejaa, chombo kiko ufukweni, na mabaharia wana fedha. Mandhari yenye kazi za kutosha kwa watoto watatu.

Mwanangu alimtaka haramia William Kidd na meli yake Adventure Galley yenye mizinga 34. Nilimweleza kwamba Kidd alifika Sainte-Marie mwezi wa Aprili 1698, wakati Baldridge amekwisha kuondoka, lakini kilichomnyamazisha ni hesabu. Kisanamu cha LEGO kina kimo cha sentimita 4 hivi, kwa hiyo tukikichukulia kuwa mtu wa mita 1.68 tunapata kipimo cha 1 kwa 42, na kwa kipimo hicho meli yenye urefu wa mita 35 ingehitaji sentimita 83, ilhali ubao wetu hauna nafasi hiyo. Amity ilikuwa chombo kidogo cha mlingoti mmoja, cha tani 70 hivi na mizinga 8. Kidd ameondolewa kwenye orodha, na bado sijasamehewa.

Wiki iliyofuata: msingi, maji na kilima

Ubao ni kipande cha plaiwudi alichotubakizia seremala wa mtaani. Juu yake yamekaa mabamba manne ya msingi, kila moja likiwa na vinundu (vile vichomozo vya kushikia vitofali) 48 kwa 48, na kwa kuwa kila kinundu huchukua nafasi ya milimita 8, uwanja wote ni mraba wenye upande wa karibu sentimita 77. Tumefuata umbo la ghuba ya Ambodifotatra kwa kukadiria tu: mdomo mwembamba, kijisiwa mlangoni, maji yaliyotulia ndani. Ukiitazama ramani unaelewa mara moja kwa nini maharamia waliipenda, maana chombo kilichoko ndani hakionekani kirahisi na anayekuja kwa shari lazima apite mahali pamoja.

Maji ni mabamba ya bluu iliyokoza penye kina, kisha bluu ya kawaida, kisha vigae laini vinavyopitisha mwanga vilivyowekwa juu ya rangi ya mchanga pale ufuo unapoanza. Rangi ya mchanga ndiyo iliyotusumbua, kwa sababu katika makopo yetu yote ilikuwa kidogo mno. Nilinunua Kariakoo mfuko wa vitofali vya kuiga, na kusema haki vinaingiana na vya asili, ila mshiko wake haulingani: kimoja kinang'ang'ania mpaka kucha ziume, cha pili kinadondoka ukiinua ubao. Tumeamua vitumike penye kutandazwa tu, mahali pasipobeba uzito wowote.

Kilima nyuma ya ghala kimejengwa kwa vitofali vya DUPLO vya kitinda mimba wetu. Kitofali cha DUPLO ni mara mbili ya kile cha kawaida kwa urefu, upana na kimo, hivyo kimoja hujaza nafasi ya vinane, na vitofali vya kawaida hushika juu yake bila taabu. Wajenzi wengi hutumia ujanja huu kwa milima kwa sababu huokoa vitofali vizuri kwa ajili ya sura ya nje. Mwenye mali alikubali kuviazima kwa sharti kwamba mlima uwe wake. Katika michoro yetu yote sasa unaitwa Mlima wa Dogo, na atakayeupanda hana budi kuomba ruhusa.

Katikati ya Juni: ghala la Baldridge

Hii ndiyo sehemu niliyoishika mwenyewe. Shehena ya Charles ilikuwa na jozi 44 za viatu, soksi dazeni sita, mashati na suruali za madoadoa dazeni tatu, kofia 12, vifaa vya useremala, mapipa 5 ya ramu, makasha 10 ya pombe kali, vinoo 2 vya kuzungusha, misumeno 2 ya kukatia magogo na 1 wa kupasulia mbao, mapipa 3 ya baruti, mbegu za bustani, majembe dazeni tatu, Biblia 2, katekisimu na vitabu vya kujifunzia kusoma. Vilikuwamo pia vyombo viwili vikongwe vya kukenekea pombe, ambavyo Baldridge mwenyewe anasema vilikuwa vimejaa matundu. Karani yeyote wa forodha anamjua mteja wa namna hiyo, anayeandika kasoro ya mzigo ili baadaye asidaiwe thamani kamili.

Ghala tumeliacha bila ukuta wa mbele ili vitu vyote vionekane. Mapipa ya ramu yako kulia, na mapipa ya baruti binti yangu ameyatenga peke yake upande wa kilimani, mbali na moto wowote, akisema hata mlevi asingeyaweka pamoja. Vinoo ni vibamba vya duara vya kijivu vilivyopenyezwa kwenye mhimili mdogo, na vinazunguka. Vyombo vya kukenekea ni mapipa madogo ya rangi ya shaba ambayo yana tundu kwa asili yake, kwa hiyo kwa mara moja kasoro ya kiwandani imekuwa sahihi kihistoria. Viatu haviwezekani, kwani miguu ya visanamu haina viatu vya kuvua, basi tumeweka makasha mawili yaliyofungwa na kukubaliana kwamba vimo ndani. Mwanangu aliuliza kama maharamia walikuwa wakienda shule hata waletewe vitabu vya kusomea, na swali hilo nimemwachia dada yake.

Ngome ni uzio wa magogo wenye mizinga miwili mlangoni, na hatukuongeza minara. Ningeweza kuirembesha, na visanduku vya dukani hutia minara kila mahali, lakini Baldridge alikuwa mfanyabiashara aliyehitaji kulinda mali, na uzio wa namna hiyo unatosha kueleza hivyo.

Mwisho wa Juni: kulaza chombo

Babu yao, baba mzazi wa mke wangu, amevuka kutoka Kigamboni kuja kukagua. Ameshinda maisha yake kwenye majahazi, kwanza kama baharia na baadaye kama fundi, na watoto walipomwamkia shikamoo babu aliitikia marahaba huku macho yamekwisha kwenda kwenye ubao.

Wakati huo Amity ilikuwa imesimama wima mchangani, imeegemezwa kwa magadi pande zote mbili, jinsi tunavyoona vyombo vikisimama ufukweni maji yakitoka. Babu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba, huko Bukini upande huo wa mashariki maji hupwa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba ni kidogo, hayafiki hata mita moja. "Basi chombo hicho kimesimamaje hapo? Kimebebwa?"

Hoja yake ni ya msingi, na imebadilisha katikati yote ya mandhari. Hapa Dar es Salaam, bamvua ikikolea, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Fundi hukiingiza chombo na maji makuu, bahari ikirudi kinapwelewa chenyewe, kinatiwa magadi, na kazi ya kukwangua, kukalafati (kuziba maungio ya mbao) na kupaka deheni inafanyika mpaka maji yajae tena. Pwani ya mashariki ya Bukini haina maji ya kukufanyia kazi hiyo. Kule iliwapasa kutoa mizinga, mapipa na farumi (uzito wa kukituliza chombo), kukisogeza chombo penye maji machache, kisha kufunga kamba na makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) kutoka kileleni mwa mlingoti hadi nchi kavu na kukivuta mpaka kilale ubavu, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, uonekane. Upande mmoja ukiisha, wanakigeuza na kuanza upya. Walilazimika kufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu katika bahari za joto minyoo hutoboa mbao na magugu huota chini ya maji, na haramia mwenye chombo kizito hana mkate wa kesho: hamkamati anayemkimbiza wala hamkwepi anayemfukuza.

Kujenga chombo kilicholala kuna faida kubwa kwa maskini wa vitofali, kwani ubavu ulioko upande wa pili hauonekani, tena sitaha yenyewe imegeukia nchi kavu. Tumejenga ubavu mmoja kamili, kuanzia mkuku hadi ukingo, na nyuma yake ni mataruma matupu, yaani mbavu za ndani, yanayoushikilia. Vitofali vimelazwa ubavuni ili vinundu visionekane na mistari ya mbao ikimbie kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Hapa ndipo binti yangu alipoonyesha kwamba hesabu za shuleni zina kazi: kibamba, yaani kitofali chembamba, kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo vibamba vitano vikipangwa hufika milimita 16, ambazo ni upana kamili wa vinundu viwili. Ukiijua kanuni hiyo unaweza kujenga kwa kulaza na kwa kusimamisha ndani ya ukuta mmoja na kila kitu kikaingiana bila mwanya. Aliichora kwenye daftari kwa penseli ya rangi, vibamba vitano upande huu, vinundu viwili upande ule, akamwonyesha babu yake. Babu alizigusa zile mbao ndogo kwa ncha ya kidole toka juu hadi chini, akasema mafundi wa mtoni hupimia shubiri lakini kanuni ni hiyohiyo.

Chombo kimelala kwa pembe ya nyuzi 40 hivi, kwa bawaba mbili zilizofichwa chini ya mchanga. Kamba ni uzi wa nailoni wa washona viatu, ukapita kwenye kapi ndogo mbili, moja mlingotini na moja nchi kavu, na ukiuvuta kweli chombo kinainama zaidi. Mwanzoni kamba ya nchi kavu ilifungwa kwenye ravinala, mti wa Bukini wenye majani makubwa, tuliojivunia sana. Babu aliucheka waziwazi. Alisema mti ule ni majani matupu, na kwamba kuufungia jahazi ni sawa na kumfunga ng'ombe kwenye mgomba. Sasa kamba imefungwa kwenye nguzo mbili nene zilizozikwa kilimani, kwa idhini ya mwenye mlima.

Sehemu ya mbele ya ubavu ina vibamba vya kijani kibichi na rangi ya tope, ndiyo magugu. Katikati visanamu viwili vinachoma magugu kwa mienge, nasi tuna vimiali vya moto vya rangi ya machungwa kwa kazi hiyo. Nyuma kabisa mbao ni safi, na kisanamu cha tatu kinapaka mchanganyiko wa shahamu, salfa na lami kutoka kwenye sufuria. Babu alipendekeza tuongeze mtu mmoja anayepigilia nyuzi kwenye maungio kwa nyundo ya mbao, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayochukua muda na isiyo na sifa. Ameongezwa. Mizinga minane imepangwa mchangani juu ya magogo, na haikupata kivuli.

Tanga halipo mlingotini, na hili mke wangu alilipokea kwa uchungu, kwa sababu alikuwa amekwisha kulikata kwa kitambaa cha marekani na kulitia kanji likakauka vizuri. Chombo kinacholazwa hakibaki na tanga juu. Limetandazwa kivulini chini ya kilima, likiwa na kiraka kimoja alichokishona kwa makusudi na visanamu viwili vyenye sindano, na kwa maoni yangu linaonekana vizuri zaidi hapo kuliko ambavyo lingeonekana juu.

Baada ya Saba Saba: nyumba, ng'ombe na watu 34

Kijiji cha wenyeji kiko upande wa kushoto, nje ya uzio. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo fupi, kuta zake ni vijiti vya rangi ya kahawia vilivyosimamishwa bega kwa bega mfano wa vikonyo vya ravinala, na mapaa ni ya majani ya mti huohuo. Ravinala ndiyo iliyotuchezesha zaidi, kwa kuwa majani yake hayazunguki shina kama ya mnazi, hujipanga upande kwa upande kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa. Tumetumia kibamba cha nusu duara chenye vishikizi na majani marefu ya kijani, na sasa tuna miti saba inayofanana na ravinala na mmoja unaofanana na mkia wa tausi.

Watu hao walikuwa bado hawajaitwa Wabetsimisaraka. Jina hilo lilienea mwanzoni mwa karne ya 18, baada ya Ratsimilaho, mwana wa haramia na mama wa Kimalagasi, kuziunganisha koo za pwani hiyo, na bintiye Bety ndiye aliyekuja kukikabidhi kisiwa kwa Wafaransa mwaka 1750. Mwaka 1693 wao ndio waliokuwa na ng'ombe na mchele, na bila wao Tew na mabaharia wake wangekula nini sioni. Ng'ombe wetu wa plastiki ni wa Ulaya, mgongo umenyooka, basi kila mmoja amewekewa kitofali kidogo cha mteremko juu ya mabega kiwe nundu. Wa kwanza alionekana amebeba mkoba. Tulipokigeuza kitofali mteremko ukatazama nyuma, na papo hapo akawa ng'ombe wa Singida.

Palepale ndipo tulipokutana na jambo gumu. Maelezo ya Baldridge yanataja pia alichoipakia Charles iliporudi New York: sarafu za reale 1,100, fito 57 za chuma, ng'ombe 15, na watumwa 34. Vyote vimo katika sentensi moja. Rai yangu ya kwanza ilikuwa kwamba Charles ilikwisha kuondoka kabla ya Amity kuingia, hivyo watu hao hawamo katika kipindi tulichochagua. Mke wangu alisema kalenda imeniponyesha kirahisi mno, na kwamba bandari yenye ramu ya Charles lakini isiyo na malipo ya ramu hiyo si bandari ya kweli. Binti yangu alimuunga mkono. Nilishindwa kwa haki.

Tumeongeza ubao mwembamba wa pembeni, wenye tarehe yake, Agosti 1693: mashua mbili zikitoka ufukweni kuelekea Charles, ambayo haionekani. Mwanangu alipendekeza watu hao wawe vitofali vya duara vya kahawia, kwa kuwa visanamu havitoshi, na dada yake akakataa katakata kwamba kila mmoja lazima awe na kichwa na uso. LEGO ilianza kutengeneza visanamu hivi mwaka 1978, vyote vikiwa na tabasamu moja, na ni seti za maharamia za mwaka 1989 zilizoleta nyuso zinazotofautiana. Sisi tunatafuta nyuso zisizotabasamu kabisa, za rangi ya kahawia, na hizo ni chache. Tumeazima kwa watoto wa shangazi yao Tabata. Bado hawajatimia 34, na ubao huo hautaonyeshwa kwa mtu mpaka watimie.

Pembeni yake kutakuwa na kibao kidogo kinachoeleza kwamba mwaka 1697 wenyeji waliivamia ngome na kuiteketeza, baada ya Baldridge kuwahadaa baadhi yao na kuwauza. Yeye alinusurika kwa kuwa hakuwapo siku hiyo.

Katikati ya Julai: bendera, kasuku na sanduku

Huu ulikuwa wakati wa kesi ndogondogo, na zote aliyeshitaki ni mwanangu.

Bendera nyeusi ya fuvu na mifupa, ambayo ni kipande chake azizi, haikubaliwi. Mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo za bendera ya namna hiyo ni ya mwaka 1700, meli ya kivita ya Kiingereza ilipopambana na haramia Emanuel Wynn karibu na visiwa vya Cape Verde, na ile bendera ya mkono wenye upanga inayohusishwa na Tew haina ushahidi wa wakati wake. Tena chombo kimelala ubavu. Nani angeipandisha na kwa ajili ya nani?

Kuhusu sanduku la hazina alijitetea kwa kusema kwamba fedha ya Kidd ilipatikana ghubani humohumo. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wazamiaji walitoa kipande kizito cha madini na dunia nzima ikatangaziwa kuwa ni fedha ya Kidd, lakini wataalamu wa UNESCO walipokipima walikuta asilimia 95 yake ni madini ya risasi, si fedha. Dada yake alimsomea habari hiyo kwa sauti, pole pole, zaidi ya ilivyohitajika. Hata hivyo fedha ilikuwapo mwaka 1693, kwani Baldridge anasema fungu kamili la kila mtu wa Tew lilifika pauni 1,200, kwa hiyo visanamu vya Amity vimeruhusiwa sarafu mezani, mbele ya mapipa ya ramu, zikihama mkono. Hakuna anayezika kitu.

Kasuku alishinda kesi. Yule mwekundu mkubwa aliondolewa, kwa sababu ni ndege wa Amerika, lakini Bukini ina kasuku mdogo wa kijani, na sisi tunaye wa kijani. Ametua juu ya paa la ghala. Mikarafuu, aliyoitaka mke wangu kwa kuwa kwao ni Pemba upande wa mama, imekataliwa kwa sababu miche ya kwanza ya karafuu ilifikishwa Mauritius mwaka 1770, na kabla ya hapo bahari hii yetu ya magharibi haikuwa na mkarafuu hata mmoja.

Mwisho wa Julai: hali ilivyo

Ubao mkuu umekamilika kwa sehemu kubwa. Shule zimefunguliwa, hivyo kazi inaendelea Jumamosi jioni na Jumapili baada ya chakula, umeme ukiwapo. Tumeuhamisha kutoka dirishani kwa sababu jua la mchana hugeuza vitofali vyeupe kuwa vya njano, na vumbi la malori ya bandarini tunalifuta kwa brashi laini ya kupakia rangi.

Babu ameomba mandhari yote yakae kwake Kigamboni kwa muda, wenzake wa ufukweni wayaone. Nimekata plaiwudi vipande vinne kufuata mipaka ya mabamba ya msingi, na vipande vinaungana kwa vipini viwili kila upande, ili kila kimoja kiingie katika boksi lake na kuvushwa kwa pantoni bila kumwagika. Mpaka mmoja unapita katikati ya Amity, kwa hiyo chombo kinang'oka kizima na bawaba zake na kitasafiri mapajani mwa binti yangu. Kamba zitafungwa upya huko, na babu amesema atazifunga mwenyewe.

Kwenye ghala kumebaki upungufu wa kofia tatu kati ya zile 12, na misumeno ya magogo bado ni vibamba vya kijivu visivyo na meno. Kwa visanamu vya ubao wa pembeni, shangazi wa Tabata amesema ataangalia tena kwenye makopo ya wanawe.